Besi Bila Gitaa

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu kaacha bendi. Kwa ujumbe wa simu! Miaka kumi na moja tunasimama jukwaa moja, yeye gitaa, mimi besi, halafu ananiandikia mistari miwili: Dada, nimechoka, tafuteni mtu mwingine. Nimeusoma nikikunja mashuka ya wodi ya wazazi. Yeye kachoka! Mimi ninayeshinda kwenye mvuke wa chumba cha kufulia cha hospitali, miguu imeumuka kama andazi, mimi sijachoka.

Sikumjibu. Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 22 na tumeshaahidi. Tumebaki mimi na mpiga dramu wetu, Trekta. Anaitwa hivyo kwa sababu ya mguu wake wa kulia. Akianza hasimami.

Jumatano, 5 Machi

Trekta hataki tutafute mtu. Tupige wawili, anasema. Muziki wetu ni mzito, na uzito unatoka chini, na huko chini ni sisi. Maneno matamu hayo. Lakini gitaa likiondoka, pale katikati panabaki shimo, na wa kuliziba ni mimi. Besi peke yake haing'ati. Inataka pedali – kile kisanduku cha chuma unachokanyaga, sauti ikachafuka, ikanguruma.

Pedali ya mdogo wangu iko hapa chumbani. Aliisahau baada ya mazoezi ya mwisho. Au kaiacha makusudi, nani ajuaye.

Nitaijaribu. Si leo. Leo hata kuvua viatu ni kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Loh! Nimeichomeka kwenye besi, nimekanyaga, chumba kizima kimetetemeka. Mama kagonga ukuta, anauliza kama nasaga kokoto humu ndani. Nimecheka peke yangu. Mara ya kwanza wiki hii. Basi, tatizo limekwisha, na wala sijatoka nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Aibu gani hii.

Chumbani simba, leo mazoezini mbele ya dramu nzi ndani ya chupa. Kila nikikanyaga, ile sauti ya chini, ile inayogonga kifua, inakatika. Linabaki kwaruzo la juu tu. Pedali ya gitaa imetengenezewa gitaa, besi ikipita humo inatafunwa. Na nilijua! Miaka kumi na moja, halafu nafanya kosa la mtu aliyenunua ala yake jana: kuchagua sauti nikiwa peke yangu. Peke yako kila kitu kinanguruma.

Trekta akaacha kupiga, akajifuta jasho. Akasema kwenye hiyo sauti yeye anamsikia mdogo wangu vizuri sana. Mimi hanisikii.

Hakusema kwa ubaya. Nimekwenda chooni nikalia kidogo. Uchovu, zaidi. Lakini na ukweli pia. Miaka yote nimekuwa nampisha yule mtoto. Akipanda, nashuka. Akikosea, namfunika. Watu wanatoka kwenye onyesho wanalisifia gitaa. Nimezoea hivyo mpaka bila yeye sijui nasikikaje. Hilo ndilo linaloniogopesha, si onyesho.

Jumanne, 11 Machi

Mashine mbili za kufulia zimekufa. Mashuka ya jengo zima, mashine moja. Miguu, miguu, miguu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeomba ruhusa nikatoka mapema. Duka la vyombo vya muziki vya mitumba, nyuma ya karakana ya matairi. Muuzaji miwani yake kaifunga kwa uzi, na hapendi kuharakishwa. Kanipangia pedali tatu mezani. Ya kwanza ugonjwa uleule, inakula chini. Ya pili inanguruma vizuri lakini noti zote zinakuwa uji, hujui hii ipi na ile ipi. Ya tatu ina kitufe cha kuchanganya: sauti safi inapita chini bila kuguswa, ile chafu inakaa juu yake. Mwili ulinisisimka.

Nikajizuia. Ya Ijumaa nayo niliipenda. Nikamwambia nitarudi na mtu. Akasema wanawake wote husema hivyo, kisha wanakuja na mume wa kubembeleza bei. Nikamwambia huyu wangu anakuja na fimbo mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Dukani hakuna dramu. Trekta akageuza ndoo ya kudekia, akavuta spika mbovu akaiweka kwa mguu, akaanza. Muuzaji kashika kichwa. Mafundi matairi wamekuja kusimama mlangoni na spana zao.

Ya kwanza, debe tupu. Ya pili, uji, kama nilivyosema. Ya tatu nikaanza na sauti chafu tupu, nikawa naongeza ile safi kidogo kidogo, na Trekta anazidi kutwanga ndoo, mpaka akasimama ghafla fimbo zikiwa juu. Anacheka kama mtoto.

"Hapo," akasema. "Hapo hapo."

Nimeinunua. Fundi mmoja kaniuliza gitaa liko wapi, mbona halionekani. Nikamwambia halipo. Akachungulia nyuma ya mlango!

Jumanne, 18 Machi

Mdogo wangu kaja kuchukua pedali yake nikiwa kazini. Mama anasema alikaa saa nzima, akauliza siku hizi tunapiga na nani. Mama akamjibu dada yako anapiga na miguu yake. Hakucheka, anasema Mama. Aliuliza tena onyesho ni lini, na anajua.

Alhamisi, 20 Machi

Naandika nimekaa ngazini, nje ya chumba cha mazoezi. Daftari liko gotini, mwandiko huu sijui nitausoma vipi.

Tulikuwa tunapiga wawili. Nyimbo nne mfululizo, na sikumpisha mtu. Nilikuwa kila mahali, chini na juu, sauti yangu mwenyewe, na wala si mbaya! Nimechoka mpaka mifupa, lakini huu uchovu mwingine, mtamu. Wimbo wa nne unaisha, mlango ukafunguka. Yeye, gitaa mgongoni. Akasema, Dada, nimeshapumzika, Jumamosi nipo.

Wiki mbili na nusu, kapumzika.

Nikamkumbatia. Ningefanyaje? Nimembeba mgongoni huyu. Akachomeka gitaa, akasikiliza tulichokuwa tunapiga, akasema kizuri, kizuri sana, ila nipunguze hiyo pedali kidogo apate pa kuingia. Kwa upole kabisa. Kama alivyoniambia miaka yote, na miaka yote nimepunguza. Trekta kainamia dramu anakaza parafujo ambayo haikuwa imelegea.

Nikasema naenda kupata hewa.

Trekta kanifuata. Kaniuliza, utamwambia wewe au nimwambie mimi? Nikamuuliza amwambie nini. Akasema, ndicho ninachokuuliza wewe. Akarudi ndani.

Nampenda mdogo wangu. Na simtaki Jumamosi. Yote mawili ni kweli, na sijui mtu anaanzia lipi.

Sasa ananiita. Dada, hiki kitufe cha kulia ndicho cha kupunguza?

Nimejibu kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea tangu azaliwe: toa mkono wako hapo!

Gitaa limezimwa, nimesikia likichomolewa. Hakuna anayetoka, na mlango uko hatua tatu kutoka hapa nilipokaa. Nafunga daftari, nasimama.