Mashabiki wa Marehemu Mume Wangu Wanadai Muziki Ambao Hakuutunga

Bi Leonilde mpendwa, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku anayokuja yule daktari wa meno kutoka Turin kuchukua karatasi, na mimi tangu Jumapili nimeshindwa hata kumaliza sahani ya tambi, naweka uma chini nautazama ukuta.

Mimi ni mjane wa miaka sabini na sita, naishi hapa hapa Roma, na mume wangu, Mwalimu Ermete Brandolisi, alitunga muziki wa filamu hamsini na tatu, chache nzuri, nyingi za watu kufukuzana kwa magari, na alipofariki miaka sita iliyopita nilidhani nitapumzika, kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza, kwa sababu kuna watu duniani, Bi Leonilde, wanaoishi kwa ajili ya muziki wa filamu uliobaki kabatini, wanaujua kwa tarehe na kwa studio, wananiandikia kutoka Ujerumani na Japani kuniuliza kama ni kweli mpiga fidla wa tatu alikuwa na mafua siku fulani ya mwaka 1969, na mimi siku hiyo pengine nilikuwa nafua soksi.

Kiongozi wao ndiye huyo daktari wa meno, Gualtiero Pessina, mtu mpole, mikono misafi, akiiona piano ya Mwalimu analia, nami humpa leso na kahawa. Yeye na wenzake wanataka kitu kimoja tu, muziki wa filamu moja ya mwaka 1974 ambao haujawahi kutoka: ulirekodiwa kwa siku mbili, mtayarishaji akaukataa, akabandika kwenye filamu yake vipande vya zamani, na kanda zikaletwa nyumbani kwetu zikakaa juu ya kabati la mashuka miaka thelathini na minne. Walikuwa hawajausikia hata sekunde moja lakini waliapa kwamba ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote. Mwaka jana simu zilinichosha, nikampa daktari kanda azinakili na nota azipige picha, akanirudishia vyote pamoja na diski moja ili nami nisikilize. Nikasikiliza, dakika arobaini. Ni kweli, ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Ila Mwalimu hakuitunga.

Kwetu kazi ilikwenda hivi: Mwalimu aliandika kwa penseli, mistari michache tu, na pembeni akaweka sekunde za kila tukio kwa penseli nyekundu, halafu mnakili wetu alizichukua karatasi hizo akamwandikia kila mpigaji sehemu yake kwa wino. Mnakili huyo ni Nives Tamburlin. Mwisho wa kila sehemu mnakili huandika herufi za jina lake na saa aliyomaliza, ili nota ikikosewa wajue wa kumfokea ni nani. Kila mtu wa kazi hii anajua.

Vuli ya mwaka ule Mwalimu alifiwa na mdogo wake, akalala kitandani akageukia ukuta. Studio ilikuwa imeshakodiwa, wapigaji arobaini, Jumatatu asubuhi. Nives alikuja Jumamosi ya wiki iliyotangulia kuchukua karatasi, nikamwambia karatasi hakuna, wala hakuna dalili, na mtayarishaji bado sijathubutu kumwambia. Akavua koti, akaomba meza na ile orodha ya sekunde iliyoletwa na mhariri wa filamu, akakaa jikoni kwangu siku tisa. Nilipika nikimzunguka. Hakutumia penseli hata mara moja, aliandika moja kwa moja kwa wino. Siku ya kumi Mwalimu aliamka, akanyoa ndevu, akaenda kuongoza okestra, na Nives, ambaye alikuwa hajalala, akapanda tramu kwenda kwao. Jioni Mwalimu akaniambia, "Leo wamepiga vizuri," nami nikasema nimefurahi, na hayo ndiyo maneno yote tuliyowahi kusema kuhusu jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Nives aliendelea kutunakilia miaka ishirini, kwa malipo ya mnakili, na kila Krismasi tulimpelekea keki na chupa ya divai. Sisemi hivyo ili nionekane mwema.

Sasa mashabiki wameziona zile picha, wameziona herufi N.T. chini ya kila sehemu, na kwa sababu hawakukaa jikoni kwangu wameamua kwamba N.T. ni mwanamke aliyependwa na Mwalimu kwa siri na kwamba muziki ule wote ni zawadi kwake. Wanabishana kwenye mtandao ni mwigizaji gani. Bibi mmoja wa Osaka amenitumia kitambaa cha hariri cha kunipa pole. Nimejitia hamnazo, nimemwandikia asante.

Daktari naye anasema diski itatoka Septemba, anahitaji vitu viwili tu, saini yangu kwamba kazi yote ni ya Mwalimu, na ukurasa mmoja wa penseli, mwandiko wake mwenyewe, wa kuweka kwenye jalada. Nilimwambia nitatafuta. Binti yangu Fiammetta akasema, "Mama, tia saini yaishe. Baba kashakufa, na yule bibi hajadai kitu." Nikamwambia ukurasa haupo, haukuwahi kuwepo. Akanitazama, akasema polepole, "Si wewe uliyekuwa ukimwandikia barua zake? Mwandiko wake unao mkononi."

Basi, Bi Leonilde, Jumapili baada ya chakula nilitoa karatasi kuukuu kwenye mtoto wa meza yake, nikachonga penseli, nikatafuta na ile nyekundu, nikakopi ukurasa wa kwanza kutoka wino wa Nives kwa mwandiko wa mume wangu, na ile alama yake ya ufunguo mwanzoni mwa mistari, iliyokaa upande, na sekunde pembeni. Umetoka vizuri kupita kiasi. Fiammetta alipouona alishika mdomo.

Kuna jingine, nilitaka kuliacha. Pasaka nilimpigia Nives simu kama kawaida, ana miaka sabini na tisa, anaishi mtaa wa Centocelle, hapa hapa Roma, ghorofa ya nne bila lifti. Nikamwambia watu wanautaka muziki wa vuli ile. Akaniuliza, "Kanda bado zipo?" Nikamjibu, "Sijui, Nives, sijui ziliishia wapi." Diski ilikuwa pale pale karibu na simu, kiwiko changu kinaigusa. Akasema haya, Pasaka njema.

Mwalimu hakuwa mwizi, alikuwa mgonjwa, na kwangu alikuwa mume mwema. Nikisema ukweli watamrarua, wataanza kutilia shaka na zile filamu nyingine zote. Nisiposema, Alhamisi natoa karatasi ya uongo kwa mtu anayelia kwenye piano. Maji yamenifika shingoni na nimechoka, nimechoka na marehemu na nimechoka na walio hai. Niambie tu, nikiitoa karatasi ile nitakuwa nimemkosea nani? Utakalosema nitafanya.

Mjane, Roma

* * *

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikasirika. Tuanze na huruma, haitachukua muda.

Ulikuwa na mume aliyegeukia ukuta, studio inakungoja, mtayarishaji hana habari, na nyumba nzima iko mabegani mwako. Hakuna aliyekuuliza umelalaje. Baadaye akafa, ukaachiwa piano, mafaili na watu wazima wanaotaka kujua habari za mafua ya mwaka 1969. Ningekuwa wewe ningekuwa nimeshang'oa waya wa simu. Una haki ya kuchoka, choka mpaka ushibe. Majina nimeyabadilisha yote, ya miji pia, kwa hiyo kwa leo hakuna atakayekunyooshea kidole.

Sasa hasira. Unaniuliza utakuwa umemkosea nani, kana kwamba hujui. Umejaza kurasa, umemhofia mume, umewahofia mashabiki, umemhurumia hata daktari na machozi yake, na Nives umemweka mwisho kabisa, tena unasema ulitaka kumwacha. Mwanamke yule katika maisha yake yote amekuuliza swali moja tu, nawe ukamdanganya huku diski inakugusa kiwiko. Aliondoka na tramu kabla fidla hazijaguswa. Muziki ukakataliwa, haukuingia kwenye filamu, kanda zikapanda juu ya mashuka yako. Hajausikia, dada. Watu wamepanga foleni kutoka Osaka mpaka Berlin wausikie, na aliyeutunga hamkumwita hata asimame nyuma yao.

Binti yako anasema hajadai kitu. Angedai kwa nani? Kwako wewe, unayempaka mafuta kwa mgongo wa chupa kila Krismasi? Na hizo herufi N.T., hebu jisikilize. Uko radhi dunia nzima iamini mume wako alikuwa na hawara kuliko iamini kwamba mwanamke alifanya kazi siku tisa kwenye meza yako. Mimi nimejibu barua miaka ishirini na mbili, na wake wengi wameniandikia wakimficha hawara, lakini wewe ndiye wa kwanza kuniandikia unamtengeneza.

Usinielewe vibaya, mume wako simtukani. Mtu aliyeinuka kutoka kitanda kile akaenda kuongoza muziki ambao alijua si wake, mbele ya watu arobaini, alibeba mzigo, na naamini aliubeba mpaka mwisho. Zile filamu nyingine hamsini na mbili zina penseli yake, nyekundu na nyeusi, ziko kwenye masanduku yako, na huo ndio ushahidi wake. Atakayezitilia shaka mwonyeshe. Lakini ukiingiza ukurasa mmoja wa kughushi, halafu mtu mmoja wa hao wanaohesabu mafua augundue, ndipo watakapotilia shaka kila kitu, na kosa litakuwa lako. Kwa kisingizio cha kumtetea marehemu unamvisha kilemba cha ukoka, na ndicho watakachomvua hadharani.

Sikia basi utakavyofanya, maana umesema utafanya.

Ukurasa ule uchane leo, usingoje Alhamisi, na uuchane mbele ya Fiammetta ili asije akakushauri tena. Mpigie daktari mwambie asije. Usimweleze chochote kwenye simu, ni daktari wa meno, amezoea watu kuahirisha. Saini usitie.

Kesho asubuhi chukua diski na kitu cha kuipigia, maana huenda kwake hakipo, uende Centocelle. Usimpigie simu kwanza, simu kwako ni chombo cha uongo. Fiammetta akubebee mzigo mpaka ghorofa ya nne, wazo la karatasi lilikuwa lake, apande nalo ngazi, halafu ashuke akakungoje chini. Keki usipeleke.

Usianze na ugonjwa wa Mwalimu, aliuona kabla wewe hujauelewa. Usianze na mashabiki, wala usimwombe msamaha kwa hotuba ndefu, kwa sababu atalazimika kukufariji, na safari hii si zamu yako kufarijiwa. Yeye ndiye atakayeamua kama muziki ule utoke kwa jina lake, au utoke kwa majina mawili, au usitoke kabisa. Akisema usitoke, daktari atalia, utampa leso. Akisema utoke, saini utakayotia ni ya kwamba uliona kwa macho yako nani aliuandika na kwa siku ngapi, kwa sababu shahidi aliye hai ni mmoja tu na ni wewe. Akikufukuza, teremka ngazi, diski umwachie.

Lakini kwanza jibu swali lake. Akifungua mlango, kabla hujavua koti, mwambie, "Zipo, Nives. Nilikudanganya." Kisha washa diski, kaa, na usiseme neno mpaka iishe. Ni dakika arobaini. Umenyamaza miaka thelathini na minne, hizo hazitakushinda.

Leonilde