Zulia Lisilo na Jina la Lisandro

San Juan Pacoc,
Guatemala.
26 Juni

Mpendwa wifi Delfina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Chicago, na mgongo wako je? Sisi hatujambo. Mama anakula kidogo, ila uji wa mahindi haukatai. Mvua zimeanza na mlango wa jikoni umevimba kama kila mwaka. Kaka yako ndiye aliyekuwa akiuranda. Sasa mimi naupiga teke.

Najua unasubiri habari za sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Ulimwomba Don Evelio wa kamati ya sikukuu kwamba zulia la vumbi la mbao tunalotandaza barabarani mbele ya nyumba yetu, maandamano yapite juu yake, mwaka huu liwe na jina na uso wa marehemu Lisandro. Wifi, jina sikuliweka. Uso pia sikuuweka. Nakwambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine.

Don Evelio alikuja Jumapili na ubao mwembamba, herufi zimeshakatwa tayari. Akasema, "Dada Herlinda, nabii Malaki alimtaja mjumbe atakayetangulia kutengeneza njia. Mtaa huu nani ametutengenezea njia kama mumeo? Mjumbe wetu ni yeye!"

Nikamjibu kwamba mjumbe tunamjua, ni Yohana, na ameshakuja. "Na walipomuuliza yeye ni nani, alijipa cheo gani? Vyote alivikana, akasema yeye ni sauti tu."

"Lo! Leo tumepata padri mwenye hereni," akacheka. Kisha akanikazia macho: jina likikosekana, mwakani sehemu yetu ya barabara atapewa mwenye duka la dawa.

"Mpe," nikamwambia. "Ila mwaka huu bado ni yangu."

Tangu uondoke hujamwona Lisandro siku ya zulia, kwa hiyo nikueleze. Alipiga magoti akichekecha rangi, ncha ya ulimi imetoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Akimaliza, alikwenda kusimama nyuma ya watu wote. Miguu ya wabebaji wa sanamu ya mtakatifu ilipovuruga maua yake, alifurahi. Kila aliposoma pale Isaya anapotaka mabonde yajazwe na vilima vishushwe, alinigusa bega: "Mke wangu, unaona? Hapa hapana nafasi ya kuandika jina la fundi."

Basi alfajiri ya sikukuu nilitandaza majani ya msonobari, juu yake vumbi jeupe, halafu maua ya zambarau. Jirani yetu Casilda akapaza sauti mlangoni kwake: "We Herlinda! Hata mwaka haujaisha, umeshamsahau mume?" Mwingine akadakia, "Labda kuna mchumba anayeogopa hilo jina!" Wakaangua kicheko.

Hasira ilinipanda. Nikasema mtaa mzima usikie: "Mnataka nimwandike chini ili mumkanyage usoni? Aliyempenda Lisandro alete maji, vumbi lisipeperuke!"

Punde Casilda akaja na ndoo. Hakuomba radhi, wala sikumtaka aombe. Tulinyunyiza pamoja.

Mtakatifu alipita kabla ya mvua. Wabebaji waliyumba, rangi zikachanganyika, wafagiaji wakafuata, na muda si mrefu barabara ikawa tupu. Hapo ndipo nilipolia, lakini si kwa kujuta. Don Evelio alinipita bila kunitazama. Leo asubuhi ametangaza kwamba sehemu yetu imekwenda kwa mwenye duka la dawa. Sikwenda kumbembeleza. Mwakani nitatoka niwasaidie watu wa duka kutandaza, na wakitaka kuandika jina lao, nitawaambia walifute.

Unaweza kunikasirikia, wifi. Ulimpenda kabla yangu, na hilo silipingi. Lakini kwa hili siombi msamaha. Jina la kaka yako naliita kila asubuhi ninapowasha moto, na hakuna kamati iliyonituma.

Msalimie shemeji Abelardo na binti yenu Yesenia. Mwambie shali aliyoniletea naivaa kanisani. Mama anakubusu. Mungu akutangulie kila uendako, akurudishe kwetu salama. Nawe ukisali, nikumbuke.

Ni mimi wifi yako akupendaye,
Herlinda