Mshono wa Chini

Dada yangu wa pekee,

Mwanangu ameingia sasa hivi kwenye sanduku langu la safari, akakaa kama bosi na kunipungia mkono: "Kwaheri, mama!" Nimecheka mpaka machozi.

Ndiyo, dada, napanda ndege! Tajiri wa duka amenichagua mimi, fundi wake wa cherehani, nikamnunulie vitambaa ng'ambo. Tiketi kalipa yeye, pasipoti ananitunzia yeye, hata sanduku kanipa yeye. Wenzangu wananitania, "Ukirudi utatujua kweli?" Mtoto atabaki na mama yetu.

Ila nilipomtoa mtoto, sanduku lilibaki zito, na halina kitu. Nikapapasa bitana ya ndani. Mshono wa chini ni wa mkono, uzi wake mpya, tofauti na mwingine wote. Nikampigia tajiri. Akacheka: "Wewe kazi yako kushona au kufumua? Usiguse." Labda masanduku ya bei ndivyo yalivyo.

Lakini yule fundi aliyetumwa kabla yangu hajarudi. Tajiri anasema kapata mume huko, ila mama yake bado anakuja dukani kumuulizia.

Basi nimechukua mkasi. Nikiona hamna kitu nitashona tena, nani atajua? Nimeshakata nyuzi mbili, na ndani naona vifurushi vya nailoni vilivyofungwa kwa gundi.

Huyo dereva wa tajiri anagonga. "Fundi! Toka, tunachelewa! Sanduku nitalibeba mwenyewe!" Mtoto anakimbilia mlango. Dada, nisipopiga simu kesho, mwambie mama asikubali akiambiwa nimepata mume huko