Hatua Arobaini na Moja za Mzee Nasiri

Mwaka umetimia, Baba yetu Nasiri Rutayisire, tangu ulipotutoka tarehe 9 Juni 1992, hapa nyumbani Biryogo, ukiwa na miaka sabini na minane. Asubuhi ile ile ulikuwa umelalamika kwamba chai haina sukari, na miwani uliyokuwa ukiitafuta ilikuwa juu ya paji la uso wako. Tangu hapo nyumba imepwaya. Hata chai siku hizi tunaikoroga sukari nyingi, kwa ajili yako.

Ulianza ukiwa karani na mkalimani wa mahakama enzi za Wabelgiji, ukajifunza sheria kwa kusikiliza watu wakishtakiana, hata ukawa wakili. Walikujia kutoka Gikondo hadi Masaka, wengine na kuku mkononi. Kesi ya mpaka hukuigusa kabla hujaukanyaga huo mpaka mwenyewe. Halafu unawakalisha wagomvi kwenye mkeka mmoja, unaagiza chai, na mara nyingi kesi iliishia hapo hapo. Mama alikutania kwamba hajapata kuona wakili anayejinyima kazi kama wewe.

Miaka ya sitini wakakuchagua mbunge. Hotuba yako ya kwanza ilidumu dakika nne, na mbili kati yake ulikuwa unatafuta miwani. Ulitaka kila komini ipewe kamba ya kupimia ardhi, ili watu waache kupimiana kwa miguu. Wenzako walicheka, hoja ikaanguka, nawe ukarudi nyumbani ukicheka kuliko wao. Uliondoka Bungeni na koti lile lile uliloingia nalo. Tunajivunia hilo, ingawa koti lenyewe lilikuwa limechoka.

Sasa Baba, tukuambie ulichotufanyia.

Mvua za Aprili mwaka huu ziliteremsha udongo kule shambani Masaka, zikafagia ua wote wa miti ya miyenzi uliotutenga na jirani yako Habimana. Tukafungua faili lako kutafuta mpaka. Tukakuta karatasi ya mwaka 1951 yenye sahihi yako na dole gumba la Habimana: "Kutoka jiwe la kisima hadi mpaka, hatua arobaini na moja." Mheshimiwa aliyetaka nchi nzima ipime kwa kamba, shamba lake kalipima kwa miguu!

Kaka yetu Kamanzi, unayemjua kwa urefu wake, akazipiga hizo hatua. Ya arobaini na moja ikamtua ndani ya jiko la Habimana.

"Umefika, basi kaa ule," Habimana akamwambia, lakini hakuwa anacheka. Naye, na mguu wake mbovu unaoujua, akapima zake, akasimama katikati ya mihogo yetu. Hapo maneno yakawa makali.

"Mzee, ulikuwepo siku ile. Hukuhesabu?" Kamanzi akauliza.

"Mi sikuhesabu. Mzee ndiyo alikuwa anahesabu, mi iko nashika jembe tu. Nilimwamini. Sasa nyinyi watoto munataka kula shamba yangu? Sawa, tutaonana kwa burugumesta!"

Tuliona aibu, Baba. Watoto wa wakili Nasiri kushtakiwa kwa mkuu wa komini na jirani wa miaka arobaini, kisa mpaka! Wiki mbili hakukuwa na salamu. Binti yako Uwineza alilia, akisema ukisikia haya utakufa mara ya pili.

Mama ndiye aliyetuokoa. Alikuja Masaka bila kuulizwa na mtu, akamwita Habimana, akatandika mkeka, akamimina chai. Kisha akasimama kwenye jiwe la kisima, akafunga mikono nyuma ya mgongo kama ulivyokuwa ukifunga, akaanza kutembea. Vihatua vifupi vifupi, kichwa kimeinama. Tulishangaa. Alikuwa wewe mtupu.

"Miaka arobaini na sita natembea nyuma yake kwenda sokoni," alisema. "Namna anavyokwenda, nisimjue? Nimekanyaga visigino vyake mpaka basi."

Alipofika arobaini na moja alisimama. "Chimba hapa," akamwambia Kamanzi. Majembe matatu tu, likatokea shina la umuyenzi wa zamani, limekatwa kwa panga, na ubavuni limeanza kuchipua.

Habimana alivua kofia. "Hii ndiyo," alisema. "Hii nilipanda mimi na yeye." Akakaa chini, akacheka, halafu machozi yakamtoka, nasi pia. Jioni hiyo tulipanda miyenzi mipya pamoja naye. Mama alirudi hadi kisimani kwa mwendo ule ule wako, ingawa hakukuwa na cha kupima tena. Hakuna aliyemharakisha.

Dua itasomwa nyumbani Biryogo, Ijumaa tarehe 11 Juni 1993, baada ya swala. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, akulaze pema.

Unakumbukwa na mkeo Mukeshimana. Wanao Kamanzi na Uwineza. Mjukuu wako Ihirwe, ambaye naye ameanza kupoteza vitu vyake. Na Habimana wa Masaka, aliyekuja kwa miguu hadi Biryogo kutuomba jina lake liandikwe hapa, pamoja na majina ya watu wa nyumba yako.

Siku zote u nasi, Baba.