Aliyetembea Nyuma

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Najua mkono wako ulivyo mzito kwa kalamu. U mzima huko? Na wifi yangu hajambo? Sisi tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua, naye anagombana na daktari kana kwamba ndiye aliyemzeesha.

Lile daftari la matembezi la marehemu baba sasa liko kwangu. Mama alinikabidhi akisema lazima mmoja wetu aandike, na wewe huaminiki. Basi kila tukitoka na watoto, mlimani au kule msituni kwenye maporomoko, natembea nyuma ya wote kama alivyofanya baba. Si unakumbuka alivyokuwa akisema kwamba aliye nyuma ndiye aandike, maana ndiye anayewaona wote.

Nimelisoma lote. Fundi viatu kama baba hata mlimani ni fundi viatu tu: sisi tumefika kileleni, yeye kaandika visigino! Eti mama anakanyagia upande. Mimi nimenuna na naburuta soli makusudi. Wewe umevaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto na hutaki kukiri. Nilicheka mpaka nikatokwa machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Kurasa zote hizo, baba mwenyewe hayumo. Nyuma yake hakukuwa na mtu wa kumwandika.

Sasa usinicheke. Tangu nishike daftari hili, nikitembea nasikia mtu nyuma yangu. Hatua nzito, na kile kikohozi cha baba alichopewa na gundi ya viatu. Nikigeuka, njia tupu. Mwanzoni nilijiambia ni upepo. Safari iliyopita nilimjibu. Nilimwambia asiharakishe, tunamsubiri. Mwanangu mkubwa akanisikia, akaniuliza nasema na nani, nami nikamwambia ukweli. Tangu hapo watoto hawataki kutoka nami. Shemeji yako anataka daftari lifungiwe kabatini.

Nitalifungia, maana wanangu siwezi kuwapoteza. Ila nikuambie jambo ambalo hata mume wangu sijamwambia. Hatua zile haziniogopeshi. Naogopa kwamba siku nitakayogeuka nikamkuta, sitamjua. Uso wake wa kibandani, akigonga soli, misumari mdomoni, naukumbuka vizuri. Uso wake wa njiani sina. Miaka yote ile nilitazama mbele, sikugeuka hata mara moja. Wewe ndiye uliyekuwa hutulii. Baba kaandika tena na tena, kwa hasira na mapenzi: mdogo kageuka tena kunitazama, kajikwaa tena.

Nisalimie wifi, na mtoto mbebe kwa niaba yangu. Halafu ukae chini, mvivu wewe, uniandikie kabla sijageuza ufunguo wa kabati. Mistari miwili inatosha. Alipokuwa akitutazama kutoka kule nyuma, baba alikuwa na uso gani?

Ni mimi dada yako, anayekupenda.