Ndoo za Darajani

Kisiwani, Jumapili alasiri

Kwako kaka yangu Russell,

Salamu nyingi, na pole na joto la tanuri huko Hamilton. Jana tulikukosa, lakini najua zamu za kiwandani hazina huruma. Baba na mimi tu wazima, ila baridi yabisi imemkaza vidole, na tangu barafu iyeyuke ziwani mimi ndiye ninayesukuma mtaimbo kuzungusha daraja kupisha mashua. Moyoni situlii. Nimeianza barua hii, nikaiacha nikapige pasi, nikairudia.

Unasubiri habari za harusi yangu. Jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Clayton na ukoo wake walitungoja ng'ambo, kanisani. Tukiwa karibu kuvuka, mashua ikapiga honi kuomba njia. Nikalifungua daraja nikiwa ndani ya gauni la harusi. Mashua ikapita, lakini nilipolirudisha daraja likakwama hatua moja tu kabla ya ukingo. Chuma kilikuwa kimevimba kwa joto.

Kisiwa kizima kikatoka na ndoo, watu na suti zao, wakawa wanamwagia maji ncha za daraja. Jirani yetu Mzee Delbert hakuacha kunitania. "Bibi harusi, ruka tu, Clayton atakudaka. Akikukosa, keki tutakula sisi." Watu wakacheka, nami nikatoa meno. Ng'ambo nilimwona Clayton amevua koti, anachota maji ziwani na kumwagia upande wake, hata kupumzika hapumziki. Nilitamani kujificha.

Russell, hili sijamwambia mtu mwingine. Unaijua sheria ya Baba: siku ya jua kali, mwagia ncha maji kabla ya kuligusa daraja. Ndoo zilikuwa miguuni pangu, zimejaa. Sikumwaga hata tone. Clayton ni mtu mwema, ila simpendi, na kusema kulinishinda.

Baba akaja akaweka vidole vyake vigumu kwenye mtaimbo, kando ya vyangu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuona na zile ndoo. Chuma kitapoa na daraja litafungika, mwanangu. Halijawahi kumsemea mtu."

Jua lilipoinama, likafungika. Watu wakapiga makofi. Nikaomba nivuke peke yangu, gauni limelowa hadi magotini. Clayton alikuja kunipokea akitabasamu, nikamwambia palepale kwamba sitaolewa naye, na kwa nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo bado iko mkononi.

Baba anakusalimu sana. Keki tumeigawa nyumba kwa nyumba, kipande chako nimekifunika. Zamu ikikuachia, njoo. Ukija kwa mashua, piga honi tu, nitakufungulia.

Dada yako,
Verna