Walimu Wanaume wa Visiwa Viwili

Husby, Stockholm
9 Februari 2025

Wayne mwanangu,

Kisumu hawajambo? Kifua cha mama yako kimepoa? Mimi mzima, goti tu linanung'unika ngazini.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema miaka minne ya kufundisha takwimu kwa mkataba wa muhula imekuchosha, nikutafutie njia ya kuja hapa hata upige deki. Deki ni ya shangazi yako! Funguo za chuo kizima ninazo mimi. Profesa akijifungia nje ananiita mimi, amesimama na soksi kama mtoto. Lakini Kambale, jirani yangu, alifundisha fizikia Butembo, kule Kongo. Leo anaosha mabasi, mwaka wa kumi na moja. Sitaki.

Sasa sikia utafiti wangu. Kwenye kompyuta ya maktaba nimeona jedwali la walimu wanaume wa vyuo, dunia nzima. Nikachagua nchi mbili ndogo za visiwa. Majina yanakunja ulimi, basi nayaita Kisiwa cha Juu na Kisiwa cha Chini, kama yalivyopangwa kwenye jedwali. Cha Juu wanaume mia moja na kumi na wawili. Cha Chini thelathini na wanane, na mwaka uliofuata ni kistari tu: wamekwisha wote! Kimbia Cha Chini, watakupokea kwa ngoma.

Shangazi yako,
Akeyo

Kisumu
17 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Mama anakohoa kidogo tu, na anakucheka.

Kistari si sifuri, Shangazi. Maana yake mwaka ule hesabu haikupelekwa. Wanaume wako wapo, hawajafa. Na thelathini na wanane si dalili ya upungufu. Huenda chuo ni kimoja, wanafunzi wachache. Tena wanawake wanaofundisha umewaacha wapi?

Lakini niambie ukweli. Kama hunitaki hapo, sema. Visiwa vya nini?

Mwanao,
Wayne

Husby
26 Februari 2025

Wayne,

U mzima? Basi hilo neno "hunitaki" lirudishe ulikolitoa. Ni nani aliyekubeba mgongoni mpaka zahanati, ukaniharibia gauni la harusi, gauni la pekee lililonipendeza mbele na nyuma?

Ukija utakula ushibe. Jumapili tutaenda kanisani Tumba, nikutambulishe kwa kila mtu, hata wasiouliza. Ila mwaka wa pili utaacha kusema neno takwimu. Kambale aliniambia kuosha mabasi hakumuumi; kinachomuuma ni kwamba hakuna anayemuuliza swali tena.

Andikia visiwa vyote viwili. Wakikataa, mlango wangu uko wazi, nami sitasema neno.

Shangazi

Kisumu
30 Agosti 2025

Shangazi wangu,

Natumaini hujambo. Mama amepona kabisa. Nisamehe kimya cha miezi sita. Niliogopa kukupa habari mbichi, kisha ikaharibika.

Cha Chini walijibu kwa upole kwamba walimu wanatosha. Cha Juu, chenye wanaume tele, ndicho kilichoniita: mwalimu wao wa takwimu amestaafu. Mkataba ni wa miaka mitatu. Naondoka tarehe kumi na mbili Septemba.

Ulikosea kisiwa, Shangazi. Lakini kabla ya barua zako mimi nilishaacha kuandika maombi ya kazi kabisa.

Mwanao,
Wayne

Husby
4 Septemba 2025

Mwalimu wangu,

Salamu hazitoshi leo. Barua yako nimeisomea kwenye treni ya kwenda Akalla, nikapiga vigelegele mpaka bwana mmoja akahama behewa. Maprofesa wote nimewatangazia kwamba utafiti wangu umezaa mtu. Kuhusu kukosea kisiwa, hawakuuliza.

Ukifika, kula samaki wao, jibu watoto wa watu vizuri, na mama yako mpigie kila wiki.

Jana nimempa Séraphine wa ghorofa ya chini kitanda, mwanawe amerefuka. Nilikinunua mwezi wa tatu, kile kirefu, kwa sababu ya miguu yako. Alipokuja kukichukua akauliza, "Mama Akeyo, mbona kimetandikwa shuka mpya na hakijalaliwa?"

Nikamwambia ashike upande wake, ngazi ni nyingi.

Shangazi yako,
Akeyo